A zangu zasomeka U: mwandiko wa mtu mzima hunyooshwaje?

KaraniWaGati (Lamu)

Assalaam aleikum jamaa. Nauliza wanaojua, si wa kubahatisha.

Kazi yangu ni ukarani gatini. Siku nzima ni orodha za abiria na risiti za mizigo. Mwandiko wangu mara walalia kulia, mara kushoto, na neno likikaribia ukingo wa karatasi hubanwa mpaka halisomeki. Hamadi husomwa Hamudi. Risiti ni za kaboni, nakala hutoka chini yake, kwa hivyo lazima nigandamize, na ikifika adhuhuri kidole gumba chauma. Umri ni miaka 38.

Mtu mzima aweza kubadilisha mwandiko, au mkono ushakauka? Nianze na nini, kushika kalamu, herufi au kasi? Na mazoezi ni kiasi gani kwa siku, kwa daftari lipi? Tafadhali msiniambie "andika polepole" mkaishia hapo. Chombo kikishajaa hakimngoji karani.

KalamuYaMwanzi (Lamu)

Wa aleikum salaam, karani. Mkono haukauki. Ila una mazoea ya miaka zaidi ya thelathini, na mazoea hayo hayatoki kwa kujaza kurasa. Hutoka kwa kubadilisha kitu kimoja, kikakaa, ndipo ukashika cha pili. Anayetaka kunyoosha herufi zote kwa pamoja huchoka kabla ya Ijumaa.

Anza kwa kujipima. Chukua ukurasa ulioandika kazini, si ule wa kujipamba. Kwa rula na penseli, piga mstari mwembamba ukigusa vichwa vya herufi fupi kama a, e, m, n, o. Utaona zipi zimechomoza na zipi zimedidimia. Kisha pitisha mstari mwingine kwenye uti wa kila herufi ndefu, yaani b, d, h, k, l, t, uone zaegemea wapi. Mwisho mpe mtu ambaye hajui kilichoandikwa akisome kwa sauti, nawe tia alama kila anaposita. Alama hizo ndizo kazi yako. Aghalabu hukuta makosa ni ya herufi tatu au nne, nyingine hazina neno.

Sasa kuna jambo ambalo karatasi za mazoezi za Kiingereza zinazozunguka mitandaoni haziwezi kukusaidia. Zile hukuhangaisha na q na x, herufi ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, na c hatuitumii ila ndani ya ch. Sisi mzigo wetu ni irabu. Andika sentensi hii, ina herufi zote 24 tunazotumia:

*Jahazi la Pate limevusha ng'ombe wawili, choroko, pweza na magunia ya madafu.*

Hesabu. Herufi ni 62, irabu ni 29, na a peke yake ni 13. Ukinyoosha irabu tano umenyoosha karibu nusu ya kila unachoandika. Na a ndiyo mkosaji mkuu, kwa sababu ikibaki wazi juu ni u. Ndipo kaka akawa kuku, baba akawa bubu, dada akawa dudu. Hamadi wako yumo humo humo.

Basi a huandikwa hivi. Fikiria uso wa saa ya ukutani. Weka kalamu pale penye tarakimu 2, wala si kileleni penye 12. Panda kidogo, zunguka kwenda kushoto, shuka ukaguse mstari, panda tena upande wa kulia mpaka uguse pale pale ulipoanzia. Hapo simama kidogo, kama kupepesa jicho. Kisha shuka wima mpaka kwenye mstari na umalizie kwa mkia mfupi wa kulia. Wengi huanzia kwenye 12. Wakirudi juu hukuta mlango uko mbali, na kwa haraka hushuka bila kuufunga. Kosa la pili ni kuruka ule usimamaji. Unapoandika mbio mkono hukata kona kabla ya kufika, tumbo likabaki wazi. Ukiipata a, umepata nusu ya d na g, maana tumbo ni lile lile na mlango ni ule ule. O nayo huanzia hapo hapo, ila yafungwa bila kushuka.

Usiandike a mia mbili. Andika mstari mmoja wa a, mmoja wa "ka la na wa ya", na mmoja wa maneno: *kata, panda, shamba, Hamadi*. Ukimaliza, zungushia duara a moja iliyokaa vizuri kuliko zote, na chini yake andika tatu za kuiga hiyo hiyo. Baada ya mstari wa nne au wa tano mkono huanza kuchora bila macho, na kuanzia hapo unafanyia mazoezi makosa.

Kuhusu daftari: pima nafasi kati ya mstari na mstari kwa rula. Ikiwa ni milimita 8, kuna hesabu ambayo watu huipuuza halafu wakashangaa. Ukifanya herufi fupi milimita 3, ndefu zitakuwa 6, na mikia ya g, j, p, y itashuka 3. Sita na tatu ni tisa. Mkia wa y utaingia kwenye kichwa cha k ya mstari wa chini, ukurasa mzima uonekane msitu wa mikoko hata kama kila herufi peke yake ni safi. Kwa mstari wa milimita 8, herufi fupi ziwe 2.5, ndefu 5, mikia 2.5. Jumla 7.5, na hewa yapita.

Lakini wiki mbili za mwanzo andika kubwa. Ruka mstari mmoja, uwe na milimita 16, herufi fupi ziwe 5 na ndefu 10. Kwenye ukubwa huo kosa huonekana kwa jicho, na mkono hujifunza mzunguko wenyewe. Ukianza na herufi ndogo, vidole hubana na hujui umekosea wapi. Daftari la hesabu lenye visanduku lafaa pia, kwa sababu linakupa na mistari ya wima ya kuchungulia mlalo wa herufi.

Dakika 15 kila siku zatosha, na zinashinda saa mbili za Jumapili. Fanya asubuhi kabla ya kazi. Jioni mkono umechoka na utayarudia makosa ya mchana. Wiki mbili za irabu. Kisha n, m, h, r. Kisha g na y. Zinazobaki utazipanga mwenyewe kwa alama zako. Kwa wiki sita hadi nane mwandiko wa daftarini hubadilika. Wa gatini hufuata nyuma, usishtuke ukichelewa.

MwalimuWaMalindi

Nakubaliana na mwenzangu wa Lamu kuhusu irabu, ila kidole gumba kinachouma hakitangoja wiki nane. Hicho kishughulikiwe leo.

Karani, unachanganya nguvu mbili. Moja ni ya kalamu kuigandamiza karatasi. Nyingine ni ya vidole kuikamua kalamu. Kaboni yataka ile ya kwanza tu. Ile ya pili haiongezi hata nukta kwenye nakala, kazi yake ni kukuumiza. Jaribu hivi: ukiwa waandika, mwambie mtu aivute kalamu kwa juu bila kukuonya. Ikitoka kwa ugumu kidogo, sawa. Ikikatalia mkononi, wewe wakamua.

Ishike kwa ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, ilale ubavuni mwa kidole cha kati. Vidole viwe kama sentimita 2.5 hadi 3 kutoka nchani. Ukishika chini sana unaziba macho yako mwenyewe, kisha unainamisha shingo kuchungulia, na bega linapanda. Kidole cha shahada kikibonyea kwa ndani kwenye kifundo cha mwisho, hiyo ni dalili ya kukamua. Kwa wenye maumivu ya gumba kuna mshiko mwingine: kalamu ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, gumba liiguse tu kwa chini. Siku mbili tatu utajiona kama unajifunza upya, kisha mkono huzoea, na gumba hupumzika kweli.

Kalamu nyembamba hukamuliwa zaidi kuliko nene. Inenepeshe. Huku Malindi twakata kipande cha tyubu ya baiskeli cha sentimita 4 tukakivisha kwenye kalamu. Nyinyi wa Lamu mwapanda punda, basi zungusheni mpira wa kufungia noti mara sita au saba pale vidole vinaposhika.

Nguvu ya kaboni itoke kwenye mkono, isitoke vidoleni. Mkono kuanzia kiwiko mpaka kifundo uwe umelala mezani, na uzito wake ndio ushuke kwenye kalamu. Chini ya nakala ya mwisho weka kadi ngumu. Karatasi zilizobaki za kitabu ni laini kama godoro, humeza nguvu yako, nawe unazidi kusukuma. Ukiweka kadi utashangaa jinsi nakala inavyotoka kwa mguso mdogo, na maandishi hayataingia kwenye risiti inayofuata. Kaboni yenyewe izungushe, ukingo wake wa juu uje chini, kila inapofifia, kwa sababu huchakaa pale pale penye jina na jumla. Kalamu isimame wima zaidi kuliko unavyoandika kwenye daftari.

Daftarini ni kinyume. Huko lengo ni wepesi. Geuza karatasi, pitisha kidole nyuma. Ukihisi matuta, unagandamiza bure. Zoezi lake ni kuandika sentensi ya jahazi kwa penseli ya 2B, laini, mara tatu: ya kwanza iwe nzito, ya pili ya kati, ya tatu iwe hafifu kiasi cha kusomeka kwa shida. Ile ya kati ndiyo uibebe.

Mlalo wa mara kulia mara kushoto, kwa kawaida tatizo liko kwenye karatasi kabla halijafika mkononi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, pembe ya juu ya kulia ya karatasi ipande, karatasi yote iinamie kushoto kama nyuzi 20 hadi 30, basi ifuate njia ya mkono wako unapozunguka kwenye kiwiko. Mkono wa kushoto si wa kushikia shavu. Kazi yake ni kuishika karatasi na kuisukuma juu kila mistari mitatu au minne. Usiposukuma, mkono wa kulia unashuka, kiwiko kinatoka mezani, na herufi za chini ya ukurasa zinalala tofauti na za juu. Angalia orodha zako, majina ya mwisho ndiyo mabaya kuliko yote, sivyo?

Meza iwe usawa wa kiwiko, miguu ikanyage chini, mwanga utoke kushoto ili kivuli cha mkono kisifunike ncha. Mkiandikia barazani au jamvini, ubao mgumu juu ya mapaja, na kitu cha kuegemeza mgongo. Bila ubao hakuna mwandiko, kuna mtikisiko.

Maumivu yakija na ganzi vidoleni, hasa usiku, acha mazoezi ukaonwe kituo cha afya. Hilo si la kalamu tena.

DauLaShela

Mnamtesa bure. Anunue kalamu nzuri ya wino wa jeli, mwandiko utanyooka wenyewe.

MwalimuWaMalindi

Bwana Dau, jeli kwenye kaboni haitoi nakala ya maana. Wino wa jeli hutiririka kwa mguso tu, ndiyo raha yake, na kwa sababu hautaki nguvu, chini hakifiki kitu. Kalamu ya kawaida, ile aliyoisajili László Bíró wa Hungaria mwaka 1938, ina kigololi nchani na wino mzito wa mafuta. Kigololi kinataka kusuguliwa na karatasi ndipo kizunguke na kuubeba wino. Kwa hivyo risitini ni kalamu ya kigololi, ya milimita 1.0, haikwaruzi kama ya 0.7. Daftarini mwa mazoezi, ndiyo, jeli ya 0.7 yapumzisha mkono. Sikatai.

Lakini hiyo a haifungwi na wino, bwana. Itabaki wazi kwa rangi nzuri zaidi.

Jambo jingine ni la pwani. Karatasi hunyonya unyevu wa bahari, na kwenye karatasi mbichi wino wa majimaji hutambaa, herufi zikaota ndevu. Weka daftari ndani ya mfuko wa plastiki usiku. Wakati wa kaskazi mkono unapotoka jasho, tia kipande cha karatasi safi chini ya kiganja na usogee nacho. Jasho huacha mafuta, na kigololi kikipita juu ya mafuta hukatakata mstari. Watu hulaumu kalamu wakaitupa.

ShotoMwema

Samahani kuingilia. Mimi natumia mkono wa kushoto. Hayo ya kuinamisha karatasi kushoto yananihusu? Nikijaribu napaka wino kila mahali na mkono unajikunja kama ndoana.

KalamuYaMwanzi (Lamu)

Hayakuhusu, yageuze. Karatasi yako iinamie kulia, pembe ya juu ya kushoto ndiyo ipande, na uinamishe zaidi ya wenzako, nyuzi 30 hadi 45. Mkono ukae chini ya mstari, usiwe juu yake. Ile ndoana hutokea kwa sababu karatasi imenyooka wima, na mkono wa kushoto ukiizungukia kwa juu ndipo uone unachoandika. Ukishainamisha karatasi ya kutosha, ndoana haina sababu. Shika kalamu mbali kidogo, sentimita 3 hadi 4 kutoka nchani, uone herufi kabla kiganja hakijafika. Wino wa kigololi ndio wako, wa jeli hukawia kukauka. Daftari la waya ubavuni litakuumiza kiganja kwenye kila ukurasa wa kulia, wa mbele. Tumia lenye waya juu, au lianze kwa nyuma. Na kistari cha t ukikivuta kutoka kulia kwenda kushoto hakuna ubaya, hakuna msomaji atakayejua.

Kisa chenu si kigeni. Anayeandika khati za Kiarabu kwa mkono wa kulia ana shida ile ile: maandishi yanakwenda kushoto, na mkono unafuata nyuma juu ya wino mbichi. Hawapaki kwa sababu mkono uko chini ya mstari. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19 isingesomeka leo kama waandishi wake wangeburura viganja juu ya mstari.

Na kwa kuwa tumegusa khati, yambo moya niongeze kwa karani. Wenye khati hawapimi herufi kwa macho tu, wanapima kwa nukta, yaani alama ya pembe nne inayoachwa na upana wa kalamu. Kanuni hiyo inanasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu, ina nukta kadhaa, na herufi nyingine zote hupimwa kwa alifu. Kwa mwandiko wetu wa kila siku huna haja ya nukta, ila fanya o yako iwe kipimo. Nafasi kati ya neno na neno iwe upana wa o moja. Ikizidi o mbili, mstari unakuwa na mapengo kama meno ya mtoto. Ikipungua, "na wa" husomwa "nawa".

KaraniWaGati (Lamu)

Ahsanteni sana, Mwalimu na shekhe wa kalamu. Kadi ngumu nimeitia leo, na kweli nakala imetoka nyeusi kwa nguvu nusu. Nimebaki na maswali. Kasi itarudi lini? Niunge herufi au niziachanishe? Na maneno ya mwisho wa mstari nifanyeje? Pia gatini upepo, na mara nyingi naandika nimesimama.

KalamuYaMwanzi (Lamu)

Kasi usiihukumu kwa hisia, ihesabu. Andika sentensi ya jahazi kwa dakika moja, kwa mwendo ambao a zote 13 zinafungwa. Hesabu herufi, kisha uandike idadi pembeni na tarehe. Wiki inayofuata jaribu kuongeza sehemu moja ya kumi. Kama uliandika herufi 80, lenga 88. Halafu hesabu a zilizobaki wazi. Ikiwa ni moja kwenye sentensi, endelea. Zikiwa tatu, rudi kwenye mwendo wa nyuma siku mbili tatu. Kasi haitokani na kukimbiza vidole. Hutoka pale mkono unapoacha kusitasita kati ya herufi na herufi.

Kuunga: usiunge neno zima. Hiyo ni sheria ya lugha zenye maneno mafupi. Sisi tuna "tutakapowasili", herufi 14, na anayeiandika bila kuinua kalamu hulazimika kuburura mkono mpaka viungo vinanyooka kama uzi wa mshipi, na nusu ya pili haisomeki. Inua kalamu kila silabi mbili: *tuta-kapo-wasi-li*. Msomaji haoni mapengo, kwa kuwa ni madogo kuliko nafasi ya ndani ya o, nawe unapata nafasi ya kusogeza mkono. Herufi za g, j, y zisiunganishwe na inayofuata. Mzunguko wa mkia ukirudi juu huchafua mstari. Shusha mkia, acha.

G na y zenyewe ni chanzo kingine cha fujo. G ina tumbo lililofungwa, y haina. Usipofunga tumbo la g, ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, inageuka nyama, na sijui utamtozaje mtu ushuru wa hiyo. N na u nazo: n hushuka, hurudi juu kwenye uti ule ule, kisha hupinda bega kulia. Asiyerudi juu hupinda kutoka chini, na "kuna" ikawa "kuua". R huharibika mkono wake ukipanda mno ukafanana na v. Wewe wa gatini zingatia hapo, "wamevuka" na "wameruka" ni ripoti mbili tofauti kabisa.

Mwisho wa mstari: piga mstari wa penseli sentimita 1 kutoka ukingo wa kulia, huo ndio ukuta wako. Ukiona neno halitaingia, likate kwenye silabi, na uliamue kabla ya kuanza neno, usingoje ukiwa katikati. Mashua ni *ma-shua*, kamwe si *mas-hua*, kwa sababu sh, ch, ny na ng' hazitenganishwi. Wala usiache m peke yake ya "mzigo" ukingoni. Jina la mtu na namba ya kitambulisho havikatwi, hushuka mstari mzima.

MwalimuWaMalindi

Na hayo majina, karani, kwa nini unayaandika kwa herufi ndogo? Orodha ya abiria iandike kwa herufi kubwa zisizoungwa. HAMADI haiwezi kuwa HAMUDI. Huchukua muda zaidi kidogo, lakini hurudii kuulizwa. Angalia D tu: uti wake uwe wima na pembe zake mbili kali, la sivyo ni O. Na U iwe na sakafu ya mviringo, ikichongoka ni V. Maelezo ya mzigo yabaki herufi ndogo.

Ukisimama, kaunta iwe usawa wa kiwiko. Kama hakuna, tumia ubao wenye kibanio, makali yake ya chini yaegemee tumboni na mkono wa kushoto uukumbatie kwa chini, usiushike kwa vidole ukining'inia. Kibanio hushika juu tu, upepo wa kusi utakunja karatasi kwa chini, kwa hivyo pitisha mpira mpana kwenye sehemu ya chini ya ubao na usogeze orodha chini yake.

Tarakimu hamjazigusa, na risitini ndizo zinazogombanisha watu. 1 iwe fimbo tupu, bila pua wala kiti. 7 itiwe kistari katikati. Kichwa cha 4 kiwe wazi na kona zake kali, na cha 9 kifungwe kama a, maana 4 ya mviringo ni 9. Kichwa cha 5 kipigwe mwisho na kiguse, kikielea kando husomwa S au 3. Sufuri huanzia juu na hufungwa juu. Ikibaki na mkia ndani yake ni 6, na shilingi 500 za mzigo zimekuwa 560. Tarakimu ziandikwe kuanzia kulia kwa safu, mamoja chini ya mamoja, na jumla irudiwe kwa maneno.

KaraniWaGati (Lamu)

Nimepiga mistari ya penseli kwenye orodha ya jana kama mlivyosema, nikampa kijana wa mizigo asome. Amesita mara 19. Kumi na moja ni a, tano ni g, tatu ni r. Kesho asubuhi naanza na a, milimita 5.